Papa, Nani Alijenga Nyumba Yetu?

Goma, siku ya Mungu, nyuma ya misa

Kwako Papa wangu mupenzi,

Nakusalimia wewe na Mama kwa mikono miwili. Kifua cha Mama kinaendelea namna gani? Baridi ya huko imemuachia kidogo? Na goti lako, bado linakuzuia kwenda shambani? Sisi huku tuko. Bwana yangu amepona malaria, watoto wanasoma, na machini yangu ya kushona inazunguka siku wateja wanapokuja. Siku zingine nakaa tu natazama barabara. Vitu sokoni vimepanda, na watu wamechoka mpaka hawasalimiane vizuri. Lakini si hayo yaliyonikalisha chini kuandika.

Nimekupigia telefone wiki nzima na hauishike. Tulipoongea kwa mwisho ulisema, "Hayo si maneno ya telefone," ukakata. Basi nimeyaweka kwenye karatasi. Shofere wa kamio, lile lori la kabeji, yule anayepita Kibumba mpaka kwenu, atakupa barua hii mukononi mwako. Umusomee Mama pia. Usiruke kitu, maana Mama alikuwepo.

Unakumbuka siku uliponipigia kusema umepata mutu wa kununua nyumba, ili wewe na Mama muje kukaa kwetu. Nilikuwa kwenye kibanda changu hapa kwenye njia ya Lac Vert. Mama mumoja muzee alikuwa ameketi kwenye benchi akingoja nimalize kushona jipe, sketi yake. Rezo ya telefone ilikuwa mbaya, nikapaza sauti: "Ile nyumba ya mawe ya kando ya kijito, Papa, usiiuze kwa haraka!" Nilipoweka telefone chini, nikamukuta amesimama.

"Mwanangu, hiyo nyumba ya mawe iko wapi?"

"Iko Kalengera, mama."

"Kwenye ile njia inayoteremuka nyuma ya kanisa?"

"Njia hiyo hiyo."

Akarudi kwenye benchi pole pole, kama mutu anayeogopa kuanguka. Anaitwa Mama Serafina. Alikuwa anaishi chini ya bashe ya plastiki kwenye kambi ya wakimbizi, na kambi zilipoondolewa mutoto wake Deziré akamupokea kwenye chumba chake kimoja. Nilidhani ni mugonjwa, nikamupa maji. Hakuyanywa. Akaanza kunitembeza katika njia yetu, Papa, akiwa amefumba macho.

Alisema ukitoka barabara kubwa, nyumba ya kwanza ilikuwa ya katekista. Alitundika rimu ya gurudumu la kamio kwenye muti, na ndiyo ilikuwa kengele ya kijiji kizima. Nikamuambia leo hakuna nyumba pale, kuna musingi tu na maboga yanatambaa juu yake. Akasema ya pili ilikuwa ya mujane aliyepika kasiksi, pombe ya ndizi. Wanaume walikuwa wanapita mbele ya katekista wakiinamisha vichwa, na wanaporudi wanaimba. Mimi nyumba hiyo naijua kama ya muganga wa dispanseri, ambaye alifunga mulango kwenye vita hii na hajarudi. Ya tatu ilikuwa ya mufugaji mumoja mwenye watoto mapacha, na kila Noeli alipeleka maziwa nyumba kwa nyumba. Huyo sikuwahi kusikia hata jina lake. Pale ndipo Mama anapopanda maharagi. Niliona haya, Papa. Tumekula maharagi ya pale miaka yote, na hakuna aliyetuambia tunalima ndani ya uwanja wa watu.

"Na ya mwisho," akasema, "ile ya mawe, ilikuwa yetu."

Nikacheka kidogo, si kwa dharau. Nikamuambia, "Hapana mama, ile aliijenga papa yangu. Alibeba yale mawe kichwani kutoka kijitoni, moja moja. Ametuhadisia mara nyingi."

"Papa yako ni nani?"

"Ni Bahati."

Hapo akafumbua macho, akanitazama. "Bahati alibeba mawe, ni kweli," akasema. "Alikuwa kijana wa kazi wa papa yangu. Papa yangu alikuwa masoni, fundi wa kujenga, Bahati alikuwa anamusaidia kukoroga udongo na kubeba mawe. Alikula kwetu, alilala kwetu. Tulipokimbilia Uganda, papa alimupa ufunguo. Alimuambia: Bahati, utuwekee nyumba."

Papa, nilitaka kumufukuza. Nakuambia kweli. Nilisema moyoni, huyu amesikia habari ya kuuza nyumba, anatafuta namna. Siku hizi Goma imejaa watu wa namna hiyo, kila parseli, kila kiwanja, ina wenyewe wawili au watatu. Nikamuambia kwa ukali, "Kama ni yenu, uniambie kitu cha ndani."

Akajibu bila kufikiri. "Mulango wa nyuma. Papa yangu alikosea, aliweka kizingiti cha juu chini sana. Mugeni yeyote anagonga kichwa. Sisi tulijifunza kuinama tukiwa wadogo."

Nikaweka jipe yake chini. Wewe unajua ni wageni wangapi waliogonga vichwa vyao pale. Hata padri. Hata bwana yangu, siku alipokuja kuniposa, mukacheka wote.

Kisha akaniambia kilichomutoa Uganda mpaka akaishia kambini hapa Goma, maana vita ilifunga njia ya Kalengera. Si nyumba. Papa yake alikufa huko Uganda. Nyuma ya hapo kaka yake mukubwa, Anselmi, alirudi peke yake kutazama kama njia iko salama, ili wapate kurudi. Aliondoka asubuhi akiwa amevaa koti la papa yao. Hawakumuona tena. Mama Serafina hajui kama alifika, au kama alianguka njiani kabla ya kuona kwao. Akanishika mukono: "Mwanangu, wewe ulikulia pale. Haukuona mutu? Murefu, mwenye koti?"

Nilimuona, Papa. Nilikuwa mutoto wa masomo ya kwanza, natoa maharagi kwenye maganda nyuma ya jikoni. Mutu murefu alikuja akiwa na koti lililomubana mabegani. Mama hakumujua, lakini alikuwa na uso wa njaa, Mama akamuambia aingie akae. Alipita mulango wa nyuma, akainama bila kutazama. Niliona, na nilishangaa, ndiyo maana sikusahau. Mama akamupa viazi vitamu na maharagi. Alikula pole pole huku anazungusha macho kwenye kuta. Ndipo wewe ukatoka shambani. Ulisimama na jembe mukononi, hata salamu haukutoa. Mukaenda wote wawili kijitoni. Ulirudi peke yako. Jioni ile haukugusa chakula, na ulituambia, "Mugeni huyo, musimutaje kwa mutu." Mama aliuliza ni nani. Ulisema humujui.

Nikamuambia Mama Serafina, "Alifika. Alikula kwetu. Nilimuona na macho yangu."

Hakulia namna nilivyofikiri atalia. Alifunika uso na kikwembe alichojifunga, akasema, "Alifika. Alifika," mara nyingi, kwa sauti ndogo. Mimi ndiye niliyelia. Kisha akauliza, "Na nyuma ya hapo alikwenda njia gani?" Nikamuambia hilo unalijua wewe tu, Papa.

Ndiyo nikakupigia usiku ule. Nilipotaja jina Serafina haukuniuliza ni nani. Kabla ya kukata uliuliza kitu kimoja tu: "Bado iko muzima?" Sauti yako haikuwa ile ninayoijua. Papa, mutu hawezi kuuliza hivyo habari ya mutu asiyemujua.

Deziré alikuja hapa siku ya pili. Ni mwanaume wa hasira, na sikumulaumu. Alisimama mulangoni pa kibanda changu akasema mbele ya wateja, "Nyumba ni ya muzee wetu! Nitakwenda kwa shefu wa kijiji, na kama papa yako ameuza, tutaonana!" Mama yake alikuwa nyuma yake, akamuvuta shati.

"Unyamaze, Deziré. Nyumba haitaniletea kaka yangu."

"Sasa mama, unataka nini?"

"Nataka Bahati aniambie. Hicho tu. Ya nyumba tutaongea tukiwa tumeketi."

Deziré akakubali kungoja, lakini si kwa muda murefu. Kwa hiyo nakuomba, yule mutu wa kununua umuambie hapana. Hatuwezi kuuza kabla ya kuongea na hawa watu. Mama na wewe mutakuja kwetu hata bila kuuza kitu, tutabanana, tumezoea.

Papa, mimi sisemi ulimudhuru. Wewe ndiye uliyenibeba mugongoni tulipokimbia, wewe ndiye uliyekosa kula ili tule. Naweza kuelewa woga wa kijana asiye na kitu, mwenye muke na watoto, anayeona mwenye nyumba anarudi. Labda ulimuambia tu, "Sikujui, uende zako," naye akarudi barabarani, na barabara ya wakati ule unaijua. Kama ni hivyo, useme. Kama ni kingine, useme pia. Hiki kimya chako ndicho kinachonikosesha usingizi. Nashona, sindano inanichoma, sisikii.

Siku ya soko ya wiki ijayo, barabara ikiwa wazi, nitapanda gari pamoja na Mama Serafina. Deziré tumemuomba abaki. Usiende shambani siku hiyo, usiende kwa shangazi, usiseme goti linakuuma. Uketi nyumbani.

Umusalimie Mama, umuambie nimepata dawa yake ya kifua na nitakuja nayo. Salamu kwa shangazi, dada yako, na kwa mudogo wangu Zawadi na mutoto wake muchanga ambaye sijamuona. Umusalimie na jirani yetu fundi wa baiskeli, kama bado anaishi kwenye njia yetu. Wajukuu wako wanauliza kila siku ni lini mutakuja.

Huyu mama ametembea na swali moja tangu mimi nikiwa mutoto. Akifika mulangoni, Papa, usimuambie kwamba humujui. Mimi ndiye nitakayekuwa nimemushika mukono.

Ni mimi mutoto wako,
Riziki