Kofia ya Mashine Uliyonayo Si Yako

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
S.L.P. 47.
Tarehe 9, mwezi wa tano.

Mpendwa mume mwenzangu Kidevu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana shikamoo yako najua iko njiani inatembea kwa miguu. Hujambo? Kifua hakijambo, magoti hayajambo, na shingo je? Hilo la shingo nakuuliza kweli. Bibi yako, yaani mke wetu, ni mzima na ananisumbua kama kawaida. Mama yako naye mzima. Mimi mzima pia, isipokuwa kipande kimoja chini ya kidevu, nacho ndicho kilichonikalisha hapa niandike.

Kabla hujasoma zaidi, usinyoe. Kama una povu usoni sasa hivi, jifute. Ndani ya bahasha kuna kofia ya chuma niliyoizungushia kitambaa. Hiyo ndiyo kofia ya mashine yako ya kunyolea. Iliyo kwenye mashine yako sasa ni ya kwangu, na hazibadilishani hata kwa kubembelezwa.

Nikueleze, maana wewe mtu wa kubisha. Mashine zetu zina vipande vitatu: mpini, kitana chenye meno, na kofia inayokaa juu ya wembe. Wembe peke yake ni karatasi tu ya chuma, unalegalega. Kofia imepinda kama mgongo wa kobe, na ukikaza mpini inaulazimisha wembe nao upinde. Ukishapinda ndipo unapotulia. Halafu kofia ina pini mbili zinazopita kwenye matundu ya wembe na kuingia kwenye matundu ya kitana, ili wembe usiende kushoto wala kulia. Pini za kofia yangu zimelika kwa uzee, kama mwenyewe. Kwenye kitana chako zinacheza. Hesi za kukazia mpini ni zilezile, kwa hiyo utakaza, utaona imekaza, kumbe wembe umetoka upande mmoja na kujificha upande wa pili.

Nimeyajua haya juzi Ijumaa. Nilikuwa nanyoa mbele ya kile kioo chenye ufa, nikasikia kama mtu amenipitishia kidole chini ya kidevu. Damu ikaanza saa mbili asubuhi, ikaacha saa saba mchana. Bibi yako aliingia akaona beseni.

"Umechinja kuku kwenye beseni langu?"

"Jogoo," nikamwambia. "Ila mzee, hana nyama."

Hakucheka. Alinikandamiza taulo shingoni mpaka nikadhani ameamua kumaliza ndoa.

Wewe unajua kwa nini haikuganda. Wenzako hurithi mashamba kwa babu zao, wewe umerithi damu hii yangu, nimekupitishia kwa mama yako bila kukuuliza. Ndiyo maana nilikufundisha kunyoa mwenyewe, polepole, wembe mpya, mkono mwepesi. Kiwanda chenu cha mikate hakitaki ndevu kwenye unga, sawa. Lakini mimi hunyoa kila Ijumaa tu, na mara ya tatu nikakatwa. Wewe unanyoa kila siku, na una wiki tatu huko. Shule niliachia darasa la nne, lakini hesabu hiyo inanishinda kulala nayo.

Nimepiga simu ofisini kwenu mara nne. Dada wa simu anasema waoka mikate hawaitwi wakiwa kazini, na mkitoka kazini yeye ameshaenda kwake. Nikamuuliza kama kuna kijana ameumia. Akasema, "Mzee, hapa kila siku kuna mtu ameungua." Nikakata simu nikakaa chini.

Na jambo lingine. Najua hujamwambia mtu huko habari ya damu yako. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilificha miaka yote niliyotengeneza kufuli, nikikatwa na bati nasema nimemwaga rangi. Leo hiihii mwambie msimamizi, na mwambie mwenzako wa chumbani. Ukikatwa, kandamiza kitambaa safi bila kuchungulia chungulia, nenda zahanati, sema kabla hawajauliza. Ukiona aibu, sema babu yako ndiye mwenye kosa. Hutakuwa umedanganya.

Maana sasa nifike pale ninapozungukazunguka tangu juu. Kofia zile hazikubadilishana zenyewe. Asubuhi ya safari, ulipokuwa bafuni, nilifungua begi lako nikazibadilisha. Si kwa sababu yako inang'aa, ingawa inang'aa. Ulipokuwa shule ya bweni ulituandikia barua moja kwa miaka miwili, nayo ilikuwa ya kuomba sabuni. Nikasema, huyu akifika huko akakuta kofia ya babu yake yenye kutu, atakasirika, na akikasirika ataandika. Nilitaka unitukane kwa barua, nikasome mbele ya fundi viatu wa hapa mkabala, tucheke.

Hukuandika. Wiki ya kwanza nilicheka, nikasema kijana hata hajaona. Ya pili nikacheka kidogo. Sasa ukimya uleule ndio unaonitisha.

Na kofia yako ilipogoma kuingia kwenye kitana changu, unajua nilifanya nini? Nilipanua matundu kwa tupa. Mimi, niliyewafukuza watu dukani kwa kosa la kutia tupa ufunguo ili ufungue kufuli la jirani. Bibi yako nilimwambia yote jana. Akasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," kisha akaficha viatu vyangu, maana alijua ningepanda lori nikufuate na bandeji shingoni.

Kwa hiyo barua nimempa dereva wa lori la unga anayepeleka mzigo kiwandani kwenu. Ameapa kukupa mkononi. Anarudi huku Alhamisi.

Mama yako anakusalimu, hajui habari hii, na tumwache hivyo mpaka Alhamisi. Bibi anasema ule, uvae soksi. Fundi viatu anasema ndevu zinazoniota sasa zinafaa kusugulia viatu. Mungu akulindie ngozi yako, na mkono wako uwe mwepesi kila unapokigusa kidevu.

Barua sikuombi, najua tabia yako. Nirudishie tu kofia yangu kwa dereva huyo. Kunyolea haifai tena, kitana changu nimeshakiharibu. Lakini kuifungua hiyo kofia mtu anahitaji vidole vyake mwenyewe, na awe amesimama; ikinifikia nitajua u mzima. Alhamisi tangu asubuhi nitakuwa nimekaa kizingitini, na viatu au bila viatu.

Ni mimi babu yako nikupendaye, mwizi wa kofia,
Mzee Funguo