Shikamoo Bila Kugeuka

Mjukuu wangu Zuhura,

Barua yako imenikuta hapa Isevya nikiwa mzima kama chuma. Bibi yako hajambo, na ng'ombe wa mjomba wako kule Choma wamezaa.

Umeniuliza, kwa kuwa mnafundishwa kulenga shabaha huko Dar, nani hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Ukiniondoa mimi, ni Mwajuma wa Ipuli.

Tulikuwa vijana kwenye mafunzo ya mgambo, na siku hiyo mkufunzi alikuwa anachagua mmoja wetu akashindane Dodoma. Mimi nilikuwa nimeshaaga mtaa mzima. Tumesimama mstarini, bunduki zina risasi, mara nyuma yetu akatokea mzee muuza kahawa na birika lake. Unaijua adabu ya Tabora, mzee hasalimiwi kwa mgongo. Tukageuka na bunduki zetu: "Shikamoo, babu!" Maskini, alijitupa chini, kahawa yote ikamwagika.

Mwajuma peke yake hakugeuka. Mtutu ulibaki kwenye shabaha, kidole mbali na triga, akapaza sauti akiwa ametazama huko huko mbele: "Shikamoo, babu! Nisamehe, nimeshika bunduki."

Mkufunzi alitunyang'anya bunduki sote isipokuwa yeye. Mzee akainua kichwa kutoka vumbini.

"Marahaba, binti yangu," akasema. "Hao wengine siwaitikii."

Dodoma akaenda Mwajuma.

Basi mama, ukiwa mstarini, hata nikitokea mimi nyuma yako, nipe mgongo. Nitaitikia marahaba kwa furaha.

Babu yako, bingwa aliyestaafu