Soksi Kwenye Pikipiki ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo ambalo nikilisema nitachekwa na nisipolisema ndugu wawili hawatasemeshana tena.

Mimi ni fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare, mume wangu ni karani wa ghala la vifaa vya ujenzi mtaa uleule, na tangu anunue pikipiki tunafika kazini kwa dakika saba, kila mtu na kofia yake ngumu, upepo masikioni, tukifika ananiambia "haya" nami namjibu "haya", na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya asubuhi. Sasa wiki tatu zilizopita pikipiki ilikataa kuwaka kwa sababu alivuta choki akaijaza mafuta mengi mno, tukaenda kwa miguu, dakika arobaini nzima, na mume wangu akaongea. Aliniambia kwamba utotoni alitaka kuwa mpiga tarumbeta, kwamba bosi wake humdharau mbele ya wapakiaji, na kwamba ananiona nimechoka ila hajui aniulize vipi. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kuyasikia hayo. Siku hiyo nilishona mfuko wa shati mgongoni. Jioni pikipiki ikawaka, na kesho yake tukarudi kwenye "haya" na "haya".

Basi shetani akanipitia. Baba yangu ni fundi pikipiki, nimekulia kwenye grisi, na alinifundisha kwamba injini inataka vitu vitatu, mafuta, cheche na hewa, kikikosekana kimoja utazungusha stata mpaka betri ichoke. Mume wangu anajua mafuta na cheche. Hewa haijui. Alipokuwa anaoga nilifungua kiti, nikachukua soksi yake moja nene, nikaisokomeza kwenye tundu la kuvutia hewa, nikafunga kiti, nikaenda kuchemsha chai.

Leo ni siku ya kumi na moja. Kila asubuhi anabonyeza stata, injini inazunguka vizuri kabisa lakini haiwaki, anafungua plagi anaikuta nyeusi imelowa petroli, anaifuta, anairudisha, inalowa tena. Amenunua plagi mpya, amemwaga mafuta yote akaweka mengine, ameitandaza kabureta vipandevipande kwenye meza ya kulia, nami nasimama pembeni nikisema "pole mume wangu" huku nimeshavaa viatu vya kutembelea.

Ningevumilia dhambi yangu, ila aliyeazima pikipiki mara ya mwisho ni mdogo wake, shemeji yangu, mtu asiye na makuu, na Jumapili mume wangu alimwambia mbele ya majirani, "Umenitilia petroli yenye maji." Shemeji akajibu, "Kaka, nakuapia sijatia hata tone." Mume wangu akamwita mwongo. Shemeji akaondoka, na tangu hapo hapokei simu zetu. Na sasa mume wangu, ambaye siku zote husema hawezi kumsumbua baba mkwe kwa ajili ya plagi, ameniambia baba anakuja Jumamosi kuitazama. Baba atafungua kiti kabla hajamaliza salamu. Je, niitoe soksi kimyakimya, au niseme?

Mke wa Karani

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Karani, nimecheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Mwanamke anayejua kuziba pumzi ya injini anashindwaje kufungua mdomo wake? "Mume wangu, leo twende kwa miguu." Maneno sita tu, na wala hayatoi harufu ya soksi. Kutaka maneno ya mumeo ni haki yako. Kumbebesha shemeji yako kosa lako si haki ya mtu yeyote.

Wasomaji, kwa kuwa gazeti hutoka Jumatatu, nilimpigia huyu mama Ijumaa. Nikamwambia asithubutu kuitoa kimyakimya, maana pikipiki ikiwaka yenyewe, shemeji atabaki mkosaji milele. Aseme mbele ya mumewe, pikipiki ikiwa hapo. Jumamosi mchana alinipigia, na amenipa ruhusa nisimulie.

Alimwita mumewe uani, akamwambia, "Fungua kiti."

Mumewe akasema, "Nilikifungua Jumatano."

"Ukakuta nini?"

"Soksi yangu."

"Ukaifanya nini?"

"Nikairudisha."

Na baba mkwe hakupigiwa simu yoyote. Karani alitaka tu kuona mkewe atanyamaza mpaka lini, na, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hajamaliza kumsimulia habari za tarumbeta.

Mama huyu alikuwa na furaha tele kwenye simu. Nikamuuliza, "Na shemeji?" Akasema wanaona aibu, watamwendea wakipata nafasi.

Sasa nawaambia wote wawili. Karani, tangu Jumatano ulijua mdogo wako hana hatia, ukaendelea kufurahia matembezi. Wewe na mkeo kesi yenu ni moja. Toeni hiyo soksi, safisheni chujio la hewa, kausheni plagi, na injini ikiwa na joto msivute choki. Pikipiki iwake, ikae tayari kwa mvua na kwa mgonjwa. Jumatatu na Alhamisi iacheni uani mtembee, hamhitaji ruhusa ya mtu wala ubovu wa chombo.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo hii mkitoka kazini nendeni kwa shemeji. Msimpigie simu, nendeni wenyewe, na mchukueni jirani mmoja kati ya wale waliosikia akiitwa mwongo. Karani ndiye aanze kusema, mkewe afuate. Elezeni yote, na soksi pia. Na yeye asipocheka, msicheke.