Kiungulia cha Kwenye Ngazi

Tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu mwoka mikate,

U mzima? Mimi mzima, ila mdomo unaniwasha, ndiyo maana nimemwita shoga yangu fundi cherehani aniandikie. Nimemkataza kupunguza ukali.

Umenenepa, mume wangu. Unapendeza, lakini umenenepa. Juzi ulisimama katikati ya ngazi zangu, mkono kifuani, ukasema, "Kiungulia tu, Bibi." Kiungulia gani kinachongoja ngazi? Hata kula ulikuwa hujala! Babu yako naye alisema kiungulia, kesho yake tukamzika. Nenda ukapimwe moyo.

Bibi yako

Tarehe 11 Machi

Shikamoo Bibi,

Huku kwema, tanuri linawaka. Kiungulia ninacho kweli: nikimaliza zamu nashiba mikate ya moto, najilaza palepale juu ya magunia ya unga, kifua kinaungua. Hicho nakijua. Cha ngazi ndicho nakiogopa. Wakisema ni moyo, nitaachishwa kuoka? Lakini Jumatatu nitaenda, usinune.

Mjukuu wako

Tarehe 26 Machi

We mtoto,

Salamu utazipata ukijibu. Jumatatu imepita, na nyingine nayo. Mtu akigonga mlango, nauliza kwanza kama kaleta habari ya msiba. Uko hai?

Bibi

Tarehe 28 Machi

Shikamoo Bibi, niko hai, nisamehe.

Kosa ni la mkono. Niliambiwa nisile kitu kabla ya kutolewa damu. Alfajiri nikafungua tanuri, mkono ukamega mkate kama kila siku, nikatafuna. Muuguzi akaona makombo shatini: "Kaka, rudi wiki ijayo!" Nikaona aibu kukuandikia.

Nimerudi. Wamepima kiuno, presha, sukari, mafuta ya kwenye damu, wakanitembeza juu ya mashine, nyaya tele kifuani. Daktari kasema ulifanya vizuri kunisukuma: mnene mwenye kiungulia husingizia tumbo hata pale moyo unapolalamika. Wangu mzima, Bibi! Safari hii ni tumbo kweli, na pumzi za mtu mzito. Ila presha imepanda, na kwa unene huu na habari ya babu, hatari ipo. Nipungue, ninywe dawa, nisilale nimeshiba, nitembee kila siku. Kuoka ruhusa. Kuonja, kidogo.

Mjukuu wako

Tarehe 2 Aprili

Mume wangu,

Shoga yangu aliposoma "niko hai" nilimkumbatia mpaka miwani ikamdondoka. Kufika kwenye moyo nikapiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Nikawaambia: mimi, tena dume la kushikwa na watu wanne!

Barua hii usiijibu. Si umeambiwa utembee? Panda basi, shuka kituo cha nyuma, iliyobaki njoo kwa miguu. Niko mlangoni, nimeshavaa.

Bibi yako