Ubao wa Tatu

Kilosa, 3 Machi 1995

Mwanangu Yusta,

Kuna jambo nimekuficha tangu ukiwa kidato cha pili, na sitaki kufa nalo. Linahusu ubao wa tatu. Lakini kwanza nijulishe hali yako, na kikohozi cha mjukuu wangu. Mimi miguu imevimba, na sauti iliyobaki ni ya kuombea chumvi tu.

Kaka yako Oswald ameniambia unaacha ualimu ili utengeneze ile rangi yetu ya kupaka mashua chini. Usipeleke barua ya kuacha kazi kwanza. Mkono umechoka, nitaendelea.

Baba yako

Mikumi, 9 Machi 1995

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, mtoto amepona. Ila umenitisha. Kiwanda chako cha rangi kimeuzwa, madukani zimejaa rangi za nje zenye sumu. Nani atatengeneza isiyoua samaki kama si mimi?

Ulinipa mwenyewe nichanganye nta ya nyuki ya bibi na mafuta ya nyonyo. Wakati ule tukikaa pwani, tukatundika mbao tatu baharini, kila moja na rangi yake. Likizo iliyofuata mbili zilikuwa zimeota mwani na chaza, wangu, ule wa tatu, mweupe kama sahani. Ulicheza pale gatini mbele ya watu, Baba! Siku ile ndiyo iliyonisomesha kemia.

Barua naipeleka Ijumaa ijayo. Kama unaogopa nitashindwa, sema hivyo, mzee wangu, usizunguke.

Binti yako

Kilosa, 13 Machi 1995

Marahaba mwanangu,

Barua hii namkabidhi Theodory, kondakta wa basi, akupe mkononi kabla ya Ijumaa.

Siogopi utashindwa. Naogopa utaanza na ukurasa wa uongo. Uchane katika daftari langu la majaribio nililokuachia, uanze upya, huku kazi yako unayo.

Mwaka ule mama yako alikuwa ametutoka. Ulikuwa huzungumzi na mtu. Barua zako za bweni zilikuwa mistari miwili, na yote miwili ilihusu ubao: umeota? haujaota? Wiki moja kabla hujafika nilikwenda kuuvuta. Nta ilikuwa imebanduka, na chaza walikuwa wengi kuliko kwenye zile mbao nyingine. Nilikaa kwenye ngazi za gati mpaka maji yakajaa.

Kisha niliukwangua kwa kisu cha jikoni, nikaupaka upya, nikaurudisha baharini ukusubiri.

Baba yako