Tairi za Njia ya Ziwani

Mtaa wa Magengeni,
Mikindani, Mtwara.
21 Novemba 2025

Mpendwa wifi yangu Rehana,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Tanga? Na Zawadi mwanangu, kikohozi kimemwachia, au bado mnampaka mafuta ya nazi na kumwachia Mungu? Mwambie shangazi yake anamuulizia kila siku. Wazee wako natumaini ni wazima. Sisi huku tunapumua. Presha ya mama inapanda na kushuka, miguu inamvimba, lakini kelele anazo zilezile. Mimi sijambo, ila mgongo, na sababu ya mgongo unaijua: kile kigari chekundu cha mumeo.

Barua yako niliipata, wifi. Usidhani nilinyamaza kwa dharau. Ilinifikia mwezi wa tisa, nikaisoma nje ya zahanati nikiwa garini, nikaikunja nikaificha kwenye droo ya dashibodi. Unaomba ridhaa ya mama uende kwa kadhi, Mustafa ahesabiwe marehemu, ukae eda, kisha uolewe na huyo Abdallah. Umengoja miaka minne na zaidi. Ni haki yako, na hata bila ridhaa yetu ungeweza kwenda, ila umetuheshimu. Lakini mama ningemwanzia wapi? Niliogopa. Barua ikakaa mle miezi miwili, tukawa tunatembea nayo.

Ulipoondoka huku hukuona amri ya mama ilivyogeuka sheria. Tangu Mustafa avuke Ruvuma kwenda kuendesha malori, vita vikamkuta kulekule na simu yake ikanyamaza, mama ana neno moja tu: gari likilala linakufa, liendeshwe kila siku, mwenyewe akirudi alikute hai. Basi mimi na mwili wangu huu naingia kwenye gari la mbio la milango miwili kama mtu anayeshuka kisimani, naenda nalo kazini Ziwani na kurudi. Akina mama pale zahanati huniuliza, "Nesi, leo umeshika nafasi ya ngapi?" Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki.

Sasa sikia. Wiki tatu zilizopita mvua ya kwanza ilitukuta tukitoka kliniki mjini, mimi na mama. Kwenye mteremko wa kuingia Mikindani nikakanyaga breki, gari likakataa. Likaserereka upandeupande, likaenda kusimama mchangani, pua yake hatua moja tu na shina la mnazi. Ile droo ikafunguka, makaratasi yote yakamwagika mapajani mwa mama. Hakupiga ukelele. Aliokota moja moja, akarudisha, akafunga droo. Mimi nilikuwa nimeshikilia usukani, sikuangalia anaokota nini.

Kesho yake nikaenda kwa Alfredo, fundi tairi wa pale njia panda, yule ambaye wazee wake walitoka ng'ambo ya mto. Akaniambia za mbele kashata, yale meno ya tairi, zimebaki kidogo, za nyuma ni vipara kabisa, na mpira wenyewe umeanza kupasuka nyufa. Akanionyesha namba nne ubavuni: 4820. Maana yake, tairi ilitengenezwa wiki ya arobaini na nane, mwaka wa ishirini. Mustafa alizifunga zikiwa mpya, mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Nilihesabu miaka palepale na machozi yakanilenga. Alfredo akajifanya anatafuta spana.

Nikaanza kuzunguka madukani. Duka moja wakaniletea za mtumba, kashata nene, zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya nywele. Nikainama kusoma namba: za mwaka 2013! Nikamwambia muuzaji hizo ni tairi za kumpeleka mtu kaburini, akamwuzie mama mkwe wake. Eti, nesi una hasira. Ninazo, ndiyo.

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza, kuagiza Dar zilezile alizozipenda Mustafa: laini, ubavu mfupi, zinaing'ang'ania lami, lakini kokoto za Ziwani zinazitafuna na kila shimo linagonga rimu. Ya pili, tairi ngumu za ubavu mrefu, zinazostahimili mashimo na kukamata kwenye matope. Nazo haziingii kwenye rimu za Mustafa. Rimu zake, zile alizokuwa akizisugua kwa mswaki mpaka ukazionea wivu, zivuliwe, zifungwe ndogo za chuma. Gari lingekuwa zito kwenye kona, mbio ndiyo basi tena.

Mama hakutaka kusikia. Zilezile! Mwanangu akirudi akute gari lake kama alivyoliacha. Siku kumi tuligombana, wifi, sikufichi. Siku moja nikamwambia anayetaka kufa barabarani ni mimi, si Mustafa, Mustafa hana tena haja ya tairi. Neno lilinitoka, nikatamani kulimeza. Mama akaingia chumbani kwake na chakula hakula.

Jumamosi iliyopita akavaa baibui lake akasema twende kwa huyo fundi. Nikajua nimeshindwa, nikabeba na pesa za kuagizia Dar. Alfredo akamkalisha kwenye benchi, akamwamkia vizuri, kisha akamwuliza swali analomwuliza kila mteja: "Mama, gari hili kila siku linaendeshwa na nani, na linapita wapi?"

Swali la kazi tu, wifi. Hakuwa na nia nyingine. Anasema tairi huchaguliwa kwa dereva na njia yake. Lakini mama alilisikia vingine. Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yake.

"Linaendeshwa na Mwasiti," akasema. "Anakwenda Ziwani."

Mama akamwambia basi amfungie Mwasiti tairi za Ziwani.

Nilimwona mama akizeeka pale kwenye benchi. Gari likapandishwa jeki, rimu za Mustafa zikavuliwa moja moja, naye kila moja akaipangusa kwa ncha ya mtandio kabla ya kuiweka kando. Alfredo hakumharakisha, naye ana watu wake waliopotelea hukohuko ng'ambo. Ilipotoka ya nne, mama akasema, bila kunitazama, kwamba ile barua ya Rehana iliyo kwenye droo niijibu, maana mtoto wa watu amengoja vya kutosha.

Kumbe aliisoma siku ile ya mvua! Aliisoma mimi nikiwa nimeshikilia usukani nimefumba macho, akaikunja, akairudisha. Siku zote zile za ugomvi wa tairi alikuwa anaijua. Nililia, Rehana, nikakaa chini kwenye vumbi la gereji na gauni langu la kazi nikalia kama mtoto. Mimi pia nilikuwa sijamzika ndugu yangu. Nilikuwa najidai mwenye akili, kumbe nami namngoja, na kila gari likipita usiku nilikuwa nainua kichwa.

Basi jibu ndilo hili: nenda kwa kadhi. Akitaka maneno ya ndugu wa mume, mama atakuja Tanga mwenyewe, na mimi nitamleta. Ijumaa ijayo tunamsomea Mustafa hitima hapa nyumbani. Hatuna kaburi, tutasoma hivyohivyo.

Gari sasa linakwenda polepole na halitelezi. Limekuwa baya, limeinuka kama kuku mwenye miguu mirefu. Rimu ziko uvunguni mwa kitanda cha mama, kazifunga kwenye kanga.

Kwenye kifurushi hiki nilichokutumia kwa basi utakuta kitambaa cheupe. Hicho ndicho mama alichokivaa akikalia eda ya baba. Alikuwa amekiweka sandukuni miaka kumi na tisa. Amekifua kwa mkono wake, hakutaka nimsaidie, na amesema ukivae kadhi atakapokwisha kusema neno lake, usinunue kingine. Amesema pia kwamba miezi minne na siku kumi zikiisha, ukivue na usirudi kukiangalia.

Nisalimie baba yako mzee Twahiru na mama Subira, na rafiki yako Beatrice uliyesoma naye, kama bado mnaonana. Zawadi mbusu mashavu yote mawili. Mwambie bibi yake hajamsahau, na asiache kuitwa binti Mustafa hata akiwa nyumba nyingine. Na huyo Abdallah mfikishie salamu za mama. Amesema kabla hajaja kukuchukua na pikapu yake, ainame asome zile namba nne kwenye tairi. Mwanamke huyu, amesema, tumempotezea mume mmoja njiani, inatosha.

Mungu akufungulie yaliyofungwa, na ndugu yangu amlaze kwa rehema popote alipolala.

Wifi yako akupendaye, leo na utakapokuwa mke wa mwingine,

Mwasiti