Misalaba Mitatu ya Stola Nyeupe

Jumamosi, 2 Novemba
Nimetia mafuta cherehani. Nimemaliza sketi mbili za shule. Uzi umenisumbua kupita tundu la sindano, mara sita, mara saba. Kutunga uzi ilikuwa kazi ya mke wangu miaka yote, Mama Agnesi. Sasa analala tu. Moyo, amesema daktari wa zahanati. Miguu imevimba.

Stola ya Padri Hiza bado iko sandukuni. Ule ukanda mrefu mweupe anaovaa shingoni akitoa sakramenti. Aliuleta bitana imeachia. Niliushona mimi, na misalaba yake mitatu ya vitambaa, iliyoshikizwa kwa uzi wa dhahabu. Kutoka hapa Mashewa mpaka Korogwe mjini hakuna fundi wa nguo za kanisa kama mimi. Askofu aliwahi kushika kasula yangu, lile joho la Misa, akauliza kama imetoka Ulaya. Imetoka barazani kwangu!

Lakini hii sitaigusa. Nimeacha kazi hizo.

Jumapili, 3 Novemba
Leo nimeaibishwa.

Padri ametangaza kwamba asiyepiga magoti hapewi sakramenti. Anatusema sisi tisa. Tangu Pasaka tunapokea tumesimama. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye kisomo. Nasoma polepole. Lakini ile karamu ya mwisho ya Bwana nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho, mara tatu. Walikaa wakala. Hakuna aliyepiga magoti. Hakuna ubani, hakuna stola. Kama yapo, nionyeshwe.

Nilisimama mbele. Padri akanipita na kikombe kama anapita nguzo. Nikasema kwa sauti kanisa zima lisikie: mtu aliyevaa mavazi hayo hatavuka tena mlango wangu.

Mama mmoja wa kwaya akasema, "Fundi, si umeyashona wewe?"

Wakacheka. Ndani ya kanisa. Nikatoka kifua mbele.

Jumanne, 5 Novemba
Ndugu Yona amekuja kutoka Korogwe kwa bodaboda. Ndiye anayetuhubiria. Tunasali bandani kwangu, pale ninapokaushia mahindi. Meza ya kawaida, mkate wa dukani.

Ametueleza habari za Waingereza wa zamani, enzi za malkia wao. Kanisa lilikuwa la malkia. Akaamuru kila kasisi avae kanzu nyeupe, watu wapige magoti mezani, mtoto akibatizwa achorwe msalaba kwenye paji la uso. Wengine wakakataa. Walifukuzwa kazi, wengine walifungwa. Hawakurudi nyuma.

Nimefurahi sana. Kumbe ninao wenzangu. Ila wale hawakuwa mafundi. Mimi hizo nguo nazijua mpaka kwenye bitana.

Jumatano, 6 Novemba
Nimeitoa stola sandukuni. Nimefumua misalaba yote mitatu kwa wembe. Kitambaa hakikukatwa hata uzi mmoja. Nani mwingine angeweza?

Misalaba nimeitia kwenye droo ya cherehani. Kuitupa sikuweza. Sijui kwa nini.

Mama Agnesi alikuwa ananitazama kutoka kitandani, mlango ulikuwa wazi.

Ijumaa, 8 Novemba
Ijumaa ndiyo siku Padri anamletea mgonjwa wangu sakramenti. Tangu Julai hajakosa. Leo alifika mpaka kwenye ua, na stola ya zambarau shingoni.

"Shikamoo, Mzee Singano."

"Marahaba."

"Naomba kuingia kwa mama."

"Vua hiyo."

"Siwezi kuivua nikiwa nimebeba Mwili wa Bwana, mzee wangu."

Alisimama juani. Jasho linamtoka. Mimi nimesimama mlangoni. Kijana yule nilimpima suruali yake ya kwanza ya seminari. Baadaye akaondoka taratibu.

Mama Agnesi alikuwa amenawa uso. Amevaa kanga safi, amejiegemeza. Alisikia yote. Akageukia ukutani.

Hajala.

Jumapili, 10 Novemba
Sala bandani. Tumekuwa saba. Wawili wamesema wana shughuli.

Mama Agnesi amekunywa uji vijiko viwili. Hasemi na mimi. Tumeoana miaka arobaini na sita, tumegombana sana, lakini kelele zilikuwepo. Huu ukimya siujui.

Nimemuuliza Ndugu Yona, mke wangu akifa kabla hajapokea? Akasema imani inamtosha, hahitaji kipande cha mkate kutoka kwa mtu mwenye ukanda. Ni sawa. Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Nikaitikia amina.

Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 11 Novemba
Agnesi amefika kutoka Chanika, Handeni, alikoolewa. Mkoba haujagusa chini: "Shikamoo baba. Unashindana na Mungu au na Padri Hiza?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyeshona kila kitambaa kilichoko kwenye altare ile, hakuna wa kunifundisha.

"Ndiyo, baba. Fundi ni wewe. Mama anakufa na wewe ni fundi."

Mtoto niliyemshonea mpaka nguo ya ubatizo.

Jumatano, 13 Novemba
Mama Agnesi anahema juu juu. Daktari wa zahanati anasema apelekwe hospitali Korogwe. Amekataa. Haendi popote kabla Padri hajaja. Amemwambia Agnesi, mimi nimesikilizia mlangoni kama mwizi nyumbani kwangu.

Nimefikiri mchana kutwa. Kitambaa cha watu nimekikata vibaya kwa mawazo. Nilichosema kanisani ni mavazi. Sikusema mtu. Nimemtuma Agnesi: Padri aje bila stola.

Sijashindwa. Nilisema mavazi.

Je, Ijumaa ataifikia?

Ijumaa, 15 Novemba
Ameifikia. Naandika yote.

Padri amekuja na shati la kawaida, mikono mifupi. Kisanduku cha sakramenti mfukoni. Ile ya zambarau kaiacha kanisani, kwa heshima yangu, alisema. Nikampisha. Nilijiona nimeshinda. Kwa dakika tano.

Mama Agnesi akamtazama. Akasema kwa Kishambaa, sauti ndogo, nami naandika kwa Kiswahili: "Padri, umekuja kunisalimia tu?"

"Nimekuja na Bwana, mama."

"Mbona hukuvaa?"

Padri akaniangalia. Agnesi akaniangalia. Nikaangalia dari.

"Mzee anayo nyeupe sandukuni," akasema mke wangu. "Uvae hiyo. Mimi sikubatizwa na mtu wa shati."

Nikafikiri Padri atabishana naye. Hakubishana. Ningebishana mimi, lakini anahema vile, nibishane na nani? Nikafungua sanduku.

Padri huibusu stola kabla ya kuivaa, pale shingoni penye msalaba. Akaiinua mdomoni, akakuta matundu ya sindano tu. Hakukasirika. Hilo liliniuma zaidi.

"Misalaba iko wapi, mzee?"

"Kwenye droo."

Mama Agnesi akasema, "Irudishe." Neno la kwanza kwangu tangu Ijumaa iliyopita.

Nikakaa kwenye kigoda na sindano ya mkono. Uzi haupiti. Padri akajaribu, ana macho ya ujana, akashindwa mara mbili. Mama Agnesi akanyoosha mkono. Akalowesha uzi mdomoni, akatunga mara moja tu, amelala hivyohivyo.

Nikashona msalaba wa shingoni. Wote wananitazama.

"Umepinda," akasema.

"Haujapinda."

"Umepinda, Baba Agnesi."

Nikaufumua. Ulikuwa umepinda. Nikashona upya.

Padri akaubusu, akavaa. Agnesi akapiga magoti kwenye mkeka. Mimi nilisimama mlangoni. Sikupiga magoti. Kofia nilivua. Padri hakunipa, nami sikuomba. Nilimwona mke wangu anafungua mdomo kama ndege mdogo.

Baadaye alikunywa uji bakuli zima. Jumatatu anakubali hospitali.

Jumamosi, 16 Novemba
Ndugu Yona amekuja. Habari zilimfikia Korogwe jana hiyohiyo. Hakukaa kwenye kiti.

"Umeshona sanamu kwa mkono wako, ndugu."

Nikamwambia nimeshona kwa ajili ya mgonjwa. Akasema Waingereza wale nao walikuwa na wake, na hawakurudi nyuma. Labda anasema kweli. Lakini yeye hakumsikia mke wangu anavyohema.

Wamehamishia sala kwa mwingine. Wamechukua na meza. Kanisani sipewi, bandani siitwi. Tulikuwa watu tisa.

Jumapili, 17 Novemba
Kengele imelia. Agnesi amekwenda Misa. Mimi nimebaki na mgonjwa. Nimemsomea ile karamu, polepole. Walikaa, wakala. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema nasoma vizuri. Akalala. Anahema kwa utulivu.

Padri ameacha stola hapa. Kasema nitaimaliza nikiwa tayari. Msalaba mmoja uko shingoni. Miwili ya kwenye ncha bado iko kwenye droo, na pale stola ni matundu tu.

Kabla ya kulala Mama Agnesi ametunga sindano nyingine. Uzi wa dhahabu. Ameichomeka kwenye pembe ya mto, upande wangu.

Sijaigusa. Naiona kutoka hapa nilipokaa.